Kushoto kwa nani? Maneno ya mabaharia na maneno ya nyumbani kwenye boti ya Mtera

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na ofisi. Mwaka jana tulichanga watu wanne tukanunua boti ya faiba ya mita tano yenye injini ya kupachika. Tunaiweka kwenye bwawa la Mtera na tunaitumia mwisho wa wiki, familia zikiwemo. Hakuna mvuvi kati yetu. Mwenzetu mmoja alisoma nje na alijifunza boti huko, anataka tuseme 'poti' kwa kushoto na 'stabodi' kwa kulia. Mwingine ni mtu wa Pangani, anasema hayo ni ya Kizungu, tuseme omo na tezi kwa mbele na nyuma, goshi na demani kwa kulia na kushoto, kama wazee wake. Mimi na wa nne tunasema mbele, nyuma, kulia na kushoto, na tunachekwa. Mwezi uliopita shemeji yangu, aliyekuwa amekaa mbele akiwaangalia watoto, aligeuza shingo akaona kisiki, akapiga kelele: 'Kushoto! Kushoto!' Nikausukuma mkono wa injini kushoto, na tukakikwaruza kisiki chenyewe. Hakuna aliyeumia, ila ubavu wa boti umechubuka na wake zetu wamegoma kurudi. Sasa kila mmoja anasema tukio lile limethibitisha hoja yake. Je, ni lazima kujifunza maneno ya mabaharia, au ni mbwembwe tu? Na kama ni lazima, tuchukue ya nani?"*

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa msukosuko. Nimelisoma swali lako mara mbili. Juu juu unauliza msamiati, lakini ndani yake nasikia jambo zito zaidi: je, watoto wanaweza kupanda tena boti hiyo na wakarudi salama? Nitajibu yote mawili, kwa sababu kwenye chombo kidogo kama chenu hayatengani. Na nianze kwa kukutoa wasiwasi mmoja: hukugonga kisiki kwa sababu shemeji alisema "kushoto" badala ya "poti". Ungeweza kukigonga vilevile kwa Kiingereza.

Tazama jinsi neno lile lilivyosafiri kutoka mbele hadi nyuma ya boti. Shemeji yako alikaa ameelekea watoto, maana yake aliipa safari kisogo. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwako. Hapo neno limeshakuwa na maana mbili. Kisha, alikuwa anakwambia kisiki kiko kushoto, au anakwambia wewe nenda kushoto? Mtu mwenye hofu hatoi sentensi nzima, hutoa neno moja, na neno hilo linaweza kuwa onyo au amri. Maana mbili juu ya mbili. Halafu likakufikia wewe uliyeshika mkono wa injini. Mkono huo ukiusukuma kushoto, boti inakwenda kulia. Je, "kushoto" ni mkono uende kushoto au boti iende kushoto? Mbili tena. Ukizidisha, kelele ile moja ilikuwa na njia nane za kueleweka, na nusu yake zinakupeleka kwenye kisiki. Mlicheza kamari bila kujua kwamba mmekaa mezani.

Hilo la mkono wa injini nataka nilieleze taratibu, kwa kuwa kila mtu anayetoka kwenye usukani wa gari hukwama hapo. Gari linaufuata usukani wake: ukizungusha kulia, gari linakwenda kulia. Mkono wa injini ya kupachika, sawa na kana, yaani mkono wa usukani wa jahazi, umefungwa kwenye kitu kinachozunguka kwenye mhimili. Ukiusukuma upande mmoja, pangaboi la injini chini ya maji linatazama upande mwingine na kuusukuma mkia wa boti pembeni, na pua inageukia kinyume cha mkono wako. Mikono huzoea baada ya saa chache za kuendesha. Masikio hayazoei upesi hivyo. Mtu akikupigia kelele ya upande, mkono wa dereva wa gari hukimbilia upande uleule aliousikia, kabla akili haijafika. Naamini ndicho kilichokutokea.

Usione haya. Mabaharia wa meli kubwa waliishi na mkanganyiko huohuo kwa vizazi. Zamani amri za usukani kwenye meli za Kiingereza zilitaja upande wa kana, si upande wa meli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, afisa wa zamu kwenye Titanic alipoamuru usukani uzungushwe wote kwa neno "stabodi", yaani kulia, aliyeshika usukani alielewa vizuri kabisa kwamba pua ya meli inatakiwa kwenda kushoto, na ndiko ilikokwenda. Utaratibu huo Uingereza iliuacha mwaka 1933, na tangu hapo amri hutaja upande ambao chombo chenyewe kinatakiwa kugeukia. Kwa hiyo mwenzenu akidai kwamba maneno ya Kizungu yalizaliwa yakiwa safi, mwambie kwa upole kwamba yalisafishwa, na kusafishwa huko kulichukua muda mrefu.

Hata "poti" yenyewe ni neno lililoletwa kuziba tatizo. Upande wa kushoto wa chombo Waingereza waliuita kwa neno lingine lililofanana mno kwa sauti na lile la kulia. Kwenye upepo na kelele za matanga, mtu husikia mwisho wa neno tu, na mwisho wake ulikuwa uleule. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru neno hilo liachwe, litumike "poti". Ndiyo maana nasema maneno ya mabaharia yalichaguliwa kwa ajili ya masikio. Heshima walikuja kuyapa baadaye.

Basi faida yake halisi ni ipi? Ni hii: "poti" na "stabodi" hayafuati mwili wa msemaji, yamefungwa kwenye chombo. Ukae umeelekea mbele, nyuma au ubavuni, ukiwa umelala au umeinama kuvua samaki, stabodi ni ubavu uleule wa boti. Kiswahili chetu cha kila siku hakina hilo, na lugha yenyewe inatueleza sababu. Mkono wa kulia ni mkono tunaolia chakula. Ni neno la mwili wa mtu, la mtu aliyekaa kwenye sinia. Mtu akigeuka, kulia kunageuka naye, na boti haina mkono wa kulia ugali. Hata wazee wa pwani waliposema mkono wa kuume, walikuwa bado mwilini. Kwa hiyo nyinyi wawili mnaochekwa mnasema Kiswahili sahihi, ila mnalitumia neno la mwili kwa kazi ya chombo. Barabarani halileti shida kwa sababu kwenye gari wote mmeelekea mbele. Kwenye boti nusu ya watu wamewapa kisogo wenzao, na anayepiga makasia huelekea nyuma safari nzima.

Sasa nimgeukie ndugu yetu wa Pangani. Nampenda kwa sababu anatetea kitu chenye thamani. Watu wengi wa bara hudhani lugha ya vyombo ni ya Kiingereza na Kiswahili kinaazima tu. Si kweli. Lugha ya majahazi ni kongwe na pana, ina majina ya mbao, milingoti, kamba na watu wa chombo: mkuku na mataruma, mlingoti na foromali, henza na jarari, nahodha na serahangi. Mengine yalitoka Uajemi, kama nahodha na bandari, mengine Uarabuni, kama usukani, na yamekaa kwetu hata yamekuwa yetu. Nanyi wa Dodoma mnayatumia kila siku bila kujua. Anayerusha ndege mnamwita rubani, jina la mtu aliyekuwa akiongoza vyombo kwenye maji yenye miamba. Abiria wa basi la Singida anabeba jina la mtu avukaye maji. Ligi ikianza, watangazaji wanasema imeng'oa nanga. Na sidhani kama kikao cha Bunge hupita bila mtu kulalamika kwamba jambo fulani limekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo huku na huku kwenye mawimbi.

Lakini hapa lazima nimsahihishe. Goshi na demani hayana maana ya kulia na kushoto. Goshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Jahazi likipiga bisho, yaani likienda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, na kugeuza tanga, ubavu uliokuwa wa goshi unakuwa wa demani, na wa demani unakuwa wa goshi. Kwa mwenye tanga hayo ni maneno ya dhahabu, kwa sababu kila anachofanya kinategemea upepo: kamba ipi ilegezwe, watu wakae wapi, maji yataingilia wapi. Na neno demani hilohilo ni jina la kamba ya kuongozea tanga, na pwani ni jina la majira pia. Kwenye boti ya injini isiyo na tanga, kuita ubavu wa kushoto "demani" ni kutengeneza ajali mpya: upepo ukibadilika, mtu wa Pangani atasikia upande mmoja, nyinyi mtasikia mwingine. Siku mkinunua ngalawa, nitakuwa wa kwanza kuwafundisha. Kwa sasa yawekeni.

Omo na tezi ni habari nyingine, na hapo nakubaliana naye kabisa. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma. Utaniambia "mbele" na "nyuma" yanatosha. Jaribu kumwambia mtoto: "Nenda mbele ya boti." Aende akakae sehemu ya mbele ndani ya boti, au arukie majini mbele yake? Kiswahili cha kawaida hakitofautishi. Na mwambie mtu anayeogelea: "Njoo nyuma ya boti." Umempeleka kwenye pangaboi. "Kaa omoni," "shika kamba ya tezini," hayo hayana mwanya wa kukosea, ni mafupi, na mgeni anaweza kuyajua kwa nusu dakika kabla ya kuondoka. Ila elezeni kweli, msidhani anajua. Mgeni wa Dodoma akisikia tezi anafikiria tezi dume na hospitali, na omo kwake ni sabuni ya unga. Neno zuri ambalo aliyemo chomboni halijui ni kelele tu.

Turudi kwenye pande mbili za ubavu, maana ndipo mlipoumia. Mnazo njia kadhaa, na kila moja nimeiona ikifanya kazi na ikishindwa.

Mnaweza kuchukua poti na stabodi. Uzuri wake ni kwamba mkifika siku moja Zanzibar au Mwanza, mkakodi chombo chenye redio, mtakuwa mmeshazoea. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya vyombo, na huko pande hutajwa kwa maneno hayo. Yeyote anayetaka kuongea kwenye redio ya bahari ajifunze, hakuna njia ya mkato. Ubaya wake ni kwamba kwa shemeji yako ni sauti mbili tupu. Akiwa na hofu hatazikumbuka, atapiga kelele ya neno alilonyonya kwa mama yake, na mtakuwa mmerudi mlipokuwa. Neno la dharura linatakiwa liwe tayari mdomoni mwa mtu dhaifu kuliko wote chomboni, si mwenye ujuzi kuliko wote.

Mnaweza kukubaliana kwamba kulia na kushoto ni kwa boti, mtu akiwa ameelekea omo. Watu wengi hufanya hivyo, na kwa watu wanne waliozoeana inafaa. Kwa wageni inavunjika haraka, kwa sababu unamwomba mtu aufikirie mwili wake upya wakati moyo unamwenda mbio.

Kuna wanaopenda kutumia uso wa saa: pua ya chombo ni kumi na mbili, ubavu wa kulia ni tatu, wa kushoto ni tisa. Ndugu yangu, njia hii msiiguse. Kwa Kiswahili, mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, hiyo ni saa tatu. Ukipiga kelele "Kisiki, saa tatu!" nusu ya watu wako wataangalia kulia na nusu kushoto, na wote watakuwa sahihi. Njia hiyo ilibuniwa na watu wanaosoma saa vingine.

Ninayowashauri ni rangi. Sheria za kimataifa za kuzuia kugongana vyombo majini, za mwaka 1972, zinataka taa nyekundu ubavu wa kushoto na taa ya kijani ubavu wa kulia. Nunueni rangi mkebe mmoja mmoja. Pakeni mstari mwekundu wa upana wa kiganja juu ya ukingo wa kushoto (mtu akiwa ameelekea omo) kwa ndani, kuanzia omo hadi tezi, na wa kijani kulia, ili aliyekaa popote, ameelekea popote, auone. Kisha pande zenu ni "nyekundu" na "kijani". Maneno hayo kila mtoto anayajua, hayafanani kwa sauti hata yakisikika nusu, na hayageuki na mwili. Usiku mkiona taa nyekundu ya chombo kingine, mtajua mara moja mnaangalia ubavu wake upi. Tahadhari moja: wako watu, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Waulizeni wenzenu kwa siri na kwa heshima. Akiwepo mmoja, uchoreni mstari wa kijani kwa vipande vipande badala ya mstari mzima, aujue kwa umbo.

Rangi zinamaliza swali la kushoto kwa nani. Bado kuna lile la onyo au amri. Hapo wekeni sharti moja: abiria hatoi amri ya kugeuka. Abiria anataja kitu na upande, "Kisiki, nyekundu!", na ananyoosha mkono mzima kukielekea. Kugeuka ni kazi ya aliyeshika injini peke yake. Naye anajibu kwa kurudia: "Kisiki, nyekundu, nimekiona." Kurudia huku ndiko kunakofanyika kwenye meli kubwa kila amri ya usukani inapotolewa, na hakuna anayeona ni utoto. Asiporudia, pigeni kelele tena. Asipojua kilipo, atoe gia, boti isimame, ndipo aulize. Kwenye bwawa lenye visiki, kusimama karibu siku zote ni jibu salama kuliko kukisia.

Nasema hivyo kwa sababu naifahamu Mtera. Bwawa lilipojengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme wa Kidatu, maji yalipanda juu ya pori, na miti mingi ilikufa imesimama. Ndege wa majini wanaipenda, nanyi huenda ndiyo mnayoipigia picha. Lakini kina cha maji kinapanda na kushuka sana: bwawa likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa chini wa kuzalisha umeme ni mita 690. Hiyo ni tofauti ya mita nane na nusu. Kisiki mlichopita juu yake mwezi wa tano bila kukijua, mwezi wa kumi na moja kinaweza kuwa kiganja kimoja chini ya maji, pale palipo ubavu wa boti yenu. Wavuvi wa mwaloni, pale boti zinapofikia ufukoni, wanavijua kwa majina. Nendeni mkawasalimie, mwombeni mmoja apande nanyi mara moja kila majira yakibadilika, mlipeni siku yake. Maneno yao ni ya kawaida kabisa, na yanafanya kazi kwa kuwa wote wanakubaliana maana.

Mkiwa huko mtasikia pengine "pima tatu". Haina maana kwamba mpime mara tatu. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8, kwa hiyo pima tatu ni kina cha mita tano na nusu hivi. Kasi nayo ina majina mawili: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja upepo kwa kilomita kwa saa, ilhali vifaa vingi vya boti huonyesha fundo, ambazo wengine huziita noti, na fundo moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ni kama fundo 22. Anayesoma 22 na kudhani ni kilomita ataona ni upepo wa kukausha nguo. Na "boya" nalo liangalieni: kwa mvuvi ni kielezo cha wavu, kwa mgeni ni koti la kujiokolea. Semeni jaketi, au jaketi okozi, na kila mtu awe amelivaa kabla ya kuondoka, siyo limewekwa chini ya kiti. Mtera ina mamba na viboko. Aliyeanguka hana muda wa kutafsiri.

Na akianguka mtu, neno ni "Mtu majini!" pamoja na upande. Mmoja wenu anyooshe mkono kumwelekea na asiushushe hata akiulizwa jambo lingine. Aliyeshika injini aigeuze boti kuelekea upande ule aliko mtu, kisha atoe gia. Inashangaza mwanzoni, lakini kumbuka nilichosema juu ya mkia. Boti haikunji kona kama gari linalofuata magurudumu ya mbele, inazunguka huku mkia ukitupwa nje. Ukigeuka kuelekea kijani, tezi inakwenda nyekundu, na pangaboi linaondoka kwa aliyeanguka kijani. Ukimkimbia, unamletea pangaboi. Kanuni hiyohiyo huenda ndiyo iliyochubua ubavu wenu: pua inakipita kisiki, mwendeshaji anaendelea kugeuka kukikimbia, na mkia unakifuata.

Jambo la mwisho kwenye pande, nalo linawahusu wote mnaoendesha magari nchini humu. Barabarani tunashika kushoto. Majini, vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hugeukia kulia, vipishane nyekundu kwa nyekundu. Mkono wa dereva wa Dodoma utataka kwenda kushoto, na mvuvi mzoefu atakwenda kulia kwake, mtakutana katikati. Wakichanganyikiwa watu wa lugha mbili, honi inasaidia: mlio mfupi mmoja ni "nageukia kulia kwangu", miwili ni "nageukia kushoto kwangu", mitatu ni "injini yangu inarudisha nyuma", na mitano au zaidi ni "sielewi unachofanya". Fundisheni hata watoto, wataifurahia.

Mengine yote waachieni watu waseme watakavyo. Kamba ni kamba, kwa sababu mnazo mbili tu, ya nanga na ya kufungia, na hakuna atakayekosea. Kwenye jahazi lenye kamba kadhaa, "vuta kamba" ni amri isiyo na maana, ndiyo maana kila moja ina jina. Kiti ni kiti. Ndoo ya kutolea maji botini ni ndoo.

Mpaka hapo mnaweza kufanya wenyewe. Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ubavu uliochubuka upelekeni kwa fundi wa faiba auguse kwa mkono, kwa kuwa ufa mdogo chini ya rangi hunyonya maji polepole na hauonekani kwa picha ya simu. Kama boti haijakaguliwa wala kusajiliwa, nendeni TASAC, ambao ndio wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, mwonane nao ana kwa ana, na msichukue hata mtu mmoja wa kulipa nauli kabla ya hapo. Tafuteni pia mkufunzi wa vyombo vidogo akae nanyi siku moja kamili kwenye boti yenyewe. Mwenzenu aliyejifunza nje anaweza kuwa mwalimu mzuri, lakini nyinyi wanne mna ubishi tayari, na mtu wa nje husikilizwa. Na wake zenu msiwabembeleze. Waambieni nini kilitokea na nini kimebadilika, waamue.

Siku ya kwanza ya kurudi, kabla hamjawasha injini, boti ikiwa imefungwa mwaloni, kaeni wote kama mnavyokaa safarini, shemeji naye palepale alipokuwa, ameelekea watoto. Mmoja aseme "Kisiki, kijani!" na kila mtu anyooshe mkono. Kisha "Kisiki, nyekundu!" Kisha "Kaa omoni", na mtazame mtoto anakwenda wapi. Rudieni mara tatu, mkibadilishana viti. Kama mara ya tatu bado kuna mkono unaoonyesha kwingine, siku hiyo vueni samaki mkiwa nchi kavu.